Ukoo Usiougua

Tangu nistaafu nimegundua kwamba nyumbani hakuna mtu anayesubiri nimwambie afunge mkanda. Mke wangu huketi anapotaka na husimama anapotaka, na wajukuu wakiruka juu ya makochi sina kanuni yoyote ya kuwasomea. Kwa hiyo muda ninao. Ninyi vijana mnaorusha ndege sasa mmeniomba mara nyingi niwaeleze tulivyoanza, na najua mnachotaka kusikia ni dhoruba, injini iliyozimika hewani, na yule mkubwa aliyetapikia kofia yake mwenyewe. Hayo mmeshayasikia kantini, na kila yanaposimuliwa dhoruba inaongezeka ukubwa. Mimi nitawaeleza jambo lililonitoa jasho kuliko yote. Lilitokea ardhini, Lushoto, ndani ya chumba chenye dirisha moja, kabla sijawahi kushika usukani wa chombo chochote. Nilitakiwa kueleza ukoo wetu unaumwa nini.

Nilianzia kazi chini kabisa, kwenye uwanja wa ndege wa Tanga, miaka ile Ujamaa ulipokuwa mchanga na kila mtu akiitwa Ndugu, hata mtu uliyekuwa humpendi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikashuka kutoka kwetu Irente na sanduku la bati na kapu la mapeasi ya kuwapa wakubwa wa kazi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kasimu, Mdigo mfupi mwenye mikono iliyonuka mafuta hata siku ya Idi. Alipokea mapeasi, akala moja, akaniuliza kama nimewahi kuona ndege kwa karibu.

"Nimewahi, mzee," nikasema. "Kunguru."

Akatafuna kwanza. "Vizuri. Basi hutashangaa zikikunyea."

Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo, kusukuma ndege zisizotaka kusogea, kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, na kujaza mafuta kwa pampu ya mkono. Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni kipande cha ngozi laini tulichochujia mafuta. Petroli hupita, maji hubaki juu. Ninyi leo mna vifaa vya kuwaonyesha kila kitu kwa taa; sisi tulikuwa na ile ngozi, na Mzee Kasimu aliitunza kama kanzu ya Ijumaa. Alikuwa akisema, "Binadamu unaweza kumdanganya, Stefano. Ndege huwezi. Ukiiambia ina mafuta na haina, haibishi. Inasubiri mfike juu, ndipo ikujibu."

Siku moja rubani mmoja alinipakia alipokuwa akijaribu injini iliyotoka kutengenezwa. Tulizunguka juu ya mji, nikaona kwa mbali ukuta wa bluu wa milima yetu, na nikaelewa kwamba pale ndipo bibi yangu alipopanda viazi vyake, juu ya ukuta ule, kama mtu anayelima juu ya kabati. Niliposhuka miguu ilikuwa yangu lakini kichwa kilikuwa kimebaki juu. Mzee Kasimu alinitazama, akatikisa kichwa. "Huyu ameshapotea," akawaambia mafundi wengine. Serikali ilipotangaza kwamba inatafuta vijana wa kufundishwa urubani, yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka ofisini, akanisimamia nijaze maombi kwa kalamu yake, asije mtu akasema nimechelewa.

Nilifaulu mtihani wa hesabu. Nilifaulu usaili. Ikabaki kupimwa afya.

Daktari aliyekuwa na kibali cha kupima marubani upande wetu aliitwa Daktari Rajabu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani mizito, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kile kinachomfanya Msambaa ajione anaongea akiwa na kiazi mdomoni. Alinigonga magoti, akanimulika macho, akanionyesha kurasa za madoadoa ya rangi. Halafu akasimama pembeni ya chumba ili apime masikio, akinong'ona maneno niyarudie. Akanong'ona "kikombe", nikasema kikombe. Akanong'ona "mnazi", nikasema mnazi. Akanong'ona "bahari".

"Nzuri, shikamoo daktari," nikajibu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alirudia jaribio lile mara kadhaa, na nikapita. Kisha akakaa, akavuta karatasi, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

"Sasa tuje kwenu," akasema. "Babu mzaa baba alifariki kwa maradhi gani?"

"Alikuwa amezeeka."

"Uzee si maradhi. Na bibi?"

"Sijui, daktari."

"Kwenye ukoo yuko mwenye kifafa? Mwenye moyo? Mwenye wazimu?"

Nilimfikiria baba mkubwa Zefania. "Sijui kwa uhakika," nikasema, na ndiyo ilikuwa kweli yangu. Kwetu mtoto haulizi wakubwa wanaumwa nini. Husikia wanakohoa, basi, huleta maji.

Daktari Rajabu akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba haulizi kwa umbea. Yapo magonjwa yanayotembea ndani ya damu ya watu wa nyumba moja, mtu akawa nayo bila kujua, yakamzukia akiwa angani na watu nyuma yake. "Siwezi kuandika 'sijui'," akasema. "Wiki ijayo nina kazi Lushoto. Niletee mtu mzima mmoja wa kwenu anayejua habari za ukoo. Mmoja tu, anatosha."

Nilipofika Irente na kueleza, baba mkubwa Zefania aliitisha kikao jioni ile ile. Baba mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, na tangu apewe cheo hicho hata mlo aliuendesha kama mkutano. Ndugu wote walikuja. Akagonga mwiko mezani.

"Ndugu wananchi," akasema, ingawa wote tulikuwa wanawe na wadogo zake, "Serikali imeuliza swali. Ukoo wetu unaumwa nini? Kikao kitoe jibu."

"Wakijua, watatupa dawa?" akauliza mtu.

"Hapana. Wakijua, watamkataa Stefano."

"Basi hatuumwi."

Makofi yakapigwa. Nikajaribu kusema kwamba daktari anataka kweli, wala si kila ugonjwa unamzuia mtu kurusha ndege. Baba mkubwa akaniambia kwa upole kabisa kwamba mimi ni mtoto, na mtoto hatangazi magonjwa ya wakubwa zake. Azimio likapita kwa kunyoosha mikono: ukoo wetu hauna ugonjwa, haujawahi kuwa nao, na hautarajii.

Baba yangu peke yake hakunyoosha. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kwenye biashara ya kabichi alimwonyesha mnunuzi upande ulioliwa na wadudu. "Mimi sitashuhudia uongo," akasema. "Iko kwenye amri."

"Hakuna aliyekuambia useme uongo, mdogo wangu. Unatakiwa usiseme chochote. Utafungwa kitambaa taya, kama mwenye jino bovu."

"Lakini jino haliniumi."

"Kufunga kitambaa si kusema."

Baba alifikiri muda mrefu. Nilimwona akizipitia amri zote moja baada ya nyingine, akitafuta inayokataza kitambaa. Haikuwepo.

Aliyefuata kusimama ni shangazi Naomi, mwenye presha. Nasema mwenye presha kama mngesema mwenye duka. Ile presha alikuwa ameipata hospitalini Bumbuli, mbele ya mashahidi, na hapakuwa na mwanamke mwingine mtaani mwenye kubwa kama yake. "Na presha yangu?" akauliza.

"Presha yako imeahirishwa," akasema mwenyekiti.

Shangazi akakaa chini, lakini alikaa kama sufuria inavyokaa motoni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikutajwa, na kila mtu alilikwepa kwa macho. Karibu na mlango alikuwa ameketi baba mdogo Nehemia, mdogo wa mwisho wa baba, mkulima wa njegere, mtu mpole kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Baba mdogo Nehemia alikuwa akianguka. Haikutokea mara nyingi, lakini alianguka mbele za watu, ghafla, kama gunia lililokatwa kamba, na hakuna aliyejua kwa nini. Neno kifafa halikutamkwa nyumbani kwetu. Kwa jirani lilikuwa limeshatamkwa, na lilikuwa limeshavunja uchumba wa binti yake Rebeka, maana wazazi wa yule kijana waliogopa wajukuu. Tangu siku hiyo baba mdogo alikuwa hakai katikati ya watu. Hukaa mlangoni, ili akianguka aangukie nje.

Mama yangu alikuwa akipukuchua mahindi. Mama alikuwa mkunga wa kijiji. Nusu ya watu waliokuwa kwenye kikao kile yeye ndiye aliyewapokea duniani, na huenda ndiyo sababu hakuvutiwa na hotuba zao. Hakuunga mkono, hakupinga. Punje zilidondoka tu kwenye ungo.

Siku ilipofika tuliteremka Lushoto kwa miguu. Daktari alikuwa ameomba mtu mmoja. Tulikwenda wote, tumevaa nguo za ibada, baba mkubwa mbele na fimbo yake, baba na taya lake jeupe, shangazi, mama, na nyuma kabisa baba mdogo Nehemia akiwa amebeba jogoo wa kumpa daktari. Watu njiani walitupa pole. Walidhani tunakwenda msibani, na walimpa pole zaidi baba kwa lile jino. Baba, kwa kuwa hakutaka kudanganya, aliwajibu kwa kuinua kofia.

Daktari Rajabu alikuwa ameazimwa chumba cha kupimia. Aliposikia shikamoo zinaingia mfululizo aliinua macho, akaona ukoo mzima umejipanga ukutani. Jogoo na mchukuzi wake wakabaki barazani. "Karibuni," akasema. "Nani atasema?"

"Mimi, Ndugu Daktari," akasema baba mkubwa. "Balozi Zefania. Ukoo wetu hauna ugonjwa."

"Alhamdulillahi. Baba yenu alifariki kwa nini?"

"Alilala."

"Akaumwa nini?"

"Hakuumwa. Alilala. Asubuhi hakuona haja ya kuamka."

Daktari akaandika kitu. "Na mama yenu?"

"Alimfuata."

"Alimfuata kwa maradhi gani?"

"Kwa mapenzi, Ndugu Daktari. Walipendana sana."

"Ndugu wengine waliotangulia?"

"Mmoja alianguka mtini. Mti ndio uliokuwa mgonjwa."

Niliangalia sakafu. Daktari akageuka kwa baba. "Na wewe mzee, una nini hapo?"

"Jino," akasema baba mkubwa haraka.

"Aa, basi jino ni ugonjwa. Njoo nilione." Akasimama na kijiti chake na taa. Baba alifunguliwa kitambaa, akapanuliwa kinywa, na daktari akachungulia muda mrefu. "Mzee, meno haya ni mazuri kuliko yangu. Lipi linauma?"

Baba akatazama dari, nadhani akitafuta msaada. "Hakuna," akasema, na jasho likamtoka kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe kitambaa ni cha nini?"

"Ni cha kaka yangu."

Hapo shangazi Naomi akashindwa kuvumilia. "Na mimi nina presha!" akapaza sauti. "Iandike, daktari! Waliikuta Bumbuli, mashine ikapanda mpaka nesi akamwita mwenzake aje aone!"

"Huyu aliolewa Soni," akasema baba mkubwa. "Presha hiyo ni ya ukoo wa mume wake."

"Presha ni yangu, Zefania! Nilikwenda nayo!"

Daktari Rajabu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa anacheka. "Mzee Balozi," akasema, "nimepima watu miaka mingi. Sijawahi kukutana na ukoo ambao hata mafua haujayaona. Kama mnayosema ni kweli, basi ninyi ni malaika, na malaika wana mabawa yao, hawahitaji leseni. Na kama si kweli, siwezi kuweka jina langu chini ya maneno haya. Kijana atarudi kufuta vioo."

Nakumbuka nilisikia sauti za watu sokoni wakibishana bei ya karoti, na nikawaonea wivu, kwamba yao yalikuwa ya karoti tu.

Ndipo mama akasema. "Daktari, shemeji yangu Nehemia huanguka."

Baba mkubwa akamgeukia kama amepigwa kofi. "Mama Stefano!"

"Huanguka," akarudia mama. "Watu husema kifafa. Sisi hatujui. Wewe ndiye daktari, tuambie."

Sikumwelewa. Mama yangu mzazi alikuwa ameniondoa angani kwa sentensi fupi kuliko zote zilizosemwa siku ile, na uso wake ulikuwa mkavu. Lakini nilikuwa pia nimemwona baba mdogo kwenye mlango. Alikuwa amesikia. Akamweka jogoo chini, akaingia, akasimama katikati ya chumba, mahali ambapo hakuwa amesimama kwa muda mrefu.

"Ni mimi," akasema. "Nisamehe, Stefano."

Daktari akampa kiti. Akaanza kumwuliza polepole, kama watu wawili wanaozungumza shambani. Je, akianguka hutetemeka? Huuma ulimi? Huamka amejikojolea? Baba mdogo akasema hapana, hapana, hapana. Kwanza masikio hulia kama nyenje, akasema, kisha giza, halafu husikia watu wanamwombea.

"Mara ya kwanza ulianguka wapi?"

"Shuleni, walipokuja kutuchanja ndui."

"Halafu?"

"Krismasi, tulipochinja ng'ombe. Halafu kwa fundi seremala."

"Kwa seremala kulikuwa na nini?"

"Alijikata kidole." Baba mdogo akafikiri. "Na siku ile ya uchumba wa Rebeka, walichinja mbuzi mbele yangu, kwa heshima."

Nilimwona Daktari Rajabu akitulia, kama Mzee Kasimu anaposikia injini na kujua tayari ni boliti gani. "Mzee Nehemia," akasema, "ningependa kukuonyesha kitu. Sitakuchoma. Utanikubalia?"

"Nionyeshe. Lakini mnishike."

Tukamshika. Daktari akafungua droo, akatoa sindano, moja kati ya zile za kioo za zamani, nene, zenye ncha ya kuogopesha hata ng'ombe. Akaiinua kwenye mwanga. Baba mdogo aliitazama, akawa mweupe kama unga wa muhogo, akasema "nyenje", akalala mikononi mwetu, tukamlaza sakafuni.

Baba mkubwa Zefania akacheka kwa dharau. "Mwanaume mzima! Kwa kitu kama hicho?" Akasogea ili aonyeshe mfano. Akainama akaikagua ile ncha kwa karibu, kama anayekagua choo cha nyumba kumi. Fimbo ndiyo iliyoanguka kwanza. Balozi akafuata, taratibu, kwa heshima zote za cheo chake, akamlalia mdogo wake kifuani.

Tulipogeuka tumwangalie baba, alikuwa ameshakaa sakafuni mwenyewe, amefumba macho. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Miguu juu!" akasema daktari. "Inueni miguu!" Shangazi akashika miguu ya baba mkubwa, akiiinua juu kuliko ilivyohitajika, na nafikiri aliifurahia kazi hiyo. Walizinduka hapohapo, wakitazamana kwa mshangao. Daktari akapiga magoti kando ya baba mdogo, akamshika mkono.

"Nisikilize mzee. Hiki si kifafa. Wako watu, wakiona damu au sindano, moyo wao hupunguza mwendo, damu ikashuka miguuni, kichwa kikakosa. Mtu akilala, damu inarudi, anaamka. Hutokea sana kwa watu wa nyumba moja. Hakuna ubaya mwingine wowote."

"Si kifafa?"

"Si kifafa. Nitakuandikia, umpelekee yeyote anayesema hivyo."

Baba mdogo Nehemia alilia. Alilia akiwa amelala palepale chali, machozi yakiingia masikioni, na hakuna aliyemcheka. Baba mkubwa, alipopata sauti, akatangaza kwamba yeye hakuzirai. "Nilimwona ndugu yangu ameanguka peke yake," akasema, akitafuta fimbo. "Nikaanguka kumuunga mkono. Ndiyo ujamaa wenyewe."

"Na presha yako sasa imekuwaje?" akauliza shangazi.

Nilidhani yamekwisha. Daktari akanigeukia. "Nimesema hutokea kwa watu wa nyumba moja. Baba ameketi sakafuni, baba zako wawili wamelala. Rubani hawezi kulala kwa sababu abiria wake ametokwa damu puani. Kunja mkono wa shati. Na uangalie."

Vijana, nimewahi kutua usiku na taa moja. Nimewahi kutua na fisi njiani. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikilikunja lile shati. Nilisubiri nyenje. Nilitega masikio yangu kama redio. Daktari akafunga mpira, akapapasa mshipa, na ile ncha ikaingia, nami nikaitazama, maana niliambiwa niitazame. Damu ikapanda ndani ya kioo, nyekundu nzito, kama sharubati ya plamu. Nikasubiri tena. Nikasikia tu jogoo akitembea barazani.

"Unaona nini?" akauliza daktari.

"Naona damu."

"Na masikio?"

"Nasikia jogoo."

Akachomoa. Nilikuwa nimesimama bado. Daktari akamtazama mama, ambaye muda wote alikuwa amesimama karibu na meza akiangalia sindano kama mtu anavyoangalia sindano ya kushonea. "Huyu amechukua kwako, mama," akasema akitabasamu. "Wewe damu huiogopi."

Mama akatia uso kwenye kanga, mabega yakatikisika. Baba akanyanyuka kutoka sakafuni akiwa na wasiwasi. Sisi wengine tulidhani ni furaha.

"Sikusema kwa wema, daktari," mama akasema. "Nilitaka umkatae. Nilijua Nehemia huanguka, nikasema nikikwambia utanibakizia mtoto wangu. Nimepokea watoto wengi. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mabawa."

Daktari Rajabu alimsogezea mama kiti, akakaa naye ana kwa ana, magoti yakikaribia kugusana.

"Hukukosea," akasema. "Umesema kweli, na kweli imemponya shemeji yako. Lakini sasa sina sababu ya kumzuia."

"Basi andika na yangu," mama akasema, akifuta macho. "Umeuliza ugonjwa wa ukoo. Andika kwamba mama yake ana woga."

"Woga si ugonjwa, mama."

"Andika tu."

Daktari akamtazama. Kisha akachukua kalamu akaandika, akamsomea kwa sauti: mama, ana woga. Akanigeukia mimi. "Na wewe? Umerithi?"

Nilimwangalia mama, nikaangalia wazee wangu, mmoja na fimbo, mmoja na kitambaa shingoni, mmoja na macho mekundu. Ningeweza kujibu kama baba mkubwa. "Kidogo, daktari," nikasema.

"Vizuri," akasema Daktari Rajabu. "Asiye nao mimi simpitishi." Akagonga muhuri.

Sasa mnajua kwa nini nawasumbua ninyi vijana kila mnapokwenda kupimwa, nikiuliza kama mmeshawauliza wazee wenu nyumbani. Rebeka aliolewa mwaka uliofuata, na yule yule kijana, na mbuzi alichinjiwa nyuma ya nyumba. Shangazi Naomi alipimwa siku ile ile kwa kusisitiza kwake mwenyewe, akaambiwa presha imeshuka, akanuna mpaka mavuno.

Lakini siku ile yenyewe tulitoka nje, tukaanza kupanda kurudi Irente, wazee wakitangulia wakibishana nani alianguka kwanza. Mama alitembea pembeni yangu. Tulipofika mahali ambapo njia inapinda na bonde lote linafunguka, akasimama akatazama juu. Kulikuwa na ukungu tu.

"Huko juu," akauliza, "kuna baridi kama huku kwetu?"

"Zaidi, mama."

Akafikiri. "Basi nitakufumia sweta."

Alianza kuifuma wiki hiyo hiyo, ya sufu nzito, nyekundu, yenye mikono mirefu kuliko yangu, na alipoimaliza akaanza nyingine. Ninyi mliokuwa mkinicheka Dodoma, saa saba mchana, nimeketi ndani ya ndege iliyoiva kama tanuru nikisubiri abiria, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, na mimi sivui: sababu ndiyo hiyo.